Mlingoti Amepungua

9 Januari

Dada Mlingoti,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Huku hatujambo, ila usingizi umenihama kwa furaha. Binti yetu amechumbiwa! Yule mwalimu wa hesabu niliyekuandikia habari zake, mpole mpaka unamwonea huruma, ameleta wazee wake nyumbani na tumekubaliana. Harusi ni Aprili, Jumamosi ya pili.

Sasa sikiliza. Baba yake alishatangulia, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumshika mkono akiingia ukumbini. Nikadhani ni mimi niliyemzaa. Mtoto akanitazama usoni: "Mama, wewe utaanza kulia mlangoni. Namtaka mama mkubwa. Yeye akisimama, watu wote wanaona kuna mtu amesimama." Nikanuna kutwa nzima, kisha nikacheka mwenyewe kwenye cherehani. Tangu utoto wanatuita Mlingoti na Kinu, nani abishane na majina hayo?

Gauni lako nashona mimi. Kitambaa nimeshanunua, bluu iliyokoza, kinaanguka vizuri. Nitumie vipimo: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani mpaka sakafuni ukiwa pekupeku. Usikadirie. Mwite mtu akupime.

Na mbona simu hupokei? Nimepiga mpaka nimechoka.

Mdogo wako,
Kinu


21 Januari

Mdogo wangu Kinu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya nguo za watu, nikapiga vigelegele peke yangu, mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia kuuliza kama nimeungua na pasi.

Mwambie mtoto nimekubali. Nitamshika mkono na nitasimama.

Simu naikwepa kwa makusudi. Siku hizi naishiwa pumzi kabla ya salio kuisha, na wewe ukinisikia nakohoa unaanza mahubiri. Barua haikohoi.

Vipimo hivi hapa. Kifua themanini na nne, kiuno sabini, nyonga tisini na mbili. Bega mpaka sakafuni mia moja arobaini na nane.

Duka la udobi linaenda. Wiki iliyopita niliinua beseni la shuka mbichi, mgongo ukalia ka! kama kijiti kikavu. Nimepaka dawa ya kuchua, naona inasaidia. Uzee unabisha hodi, nami najifanya sipo nyumbani.

Dada yako,
Mlingoti


10 Februari

Dada,

Shikamoo. Gauni nimeshalikata. Nilipofungua daftari langu la wateja nikacheka: vipimo ulivyonitumia ni vilevile vya nguo niliyokushonea kwenye msiba wa mume wangu, miaka saba iliyopita. Hata nusu sentimita haijasogea! Mimi katika miaka hiyo nimeongeza mapaja mawili juu ya yale niliyokuwa nayo. Mungu hagawi sawa.

Huo mgongo mwonyeshe daktari, usichezee. Usije ukawa kama mama, aliyemaliza uzee wake akitazama vidole vya miguu. Unakumbuka alivyovunjika nyonga kwa kushuka tu kitandani? Hakujikwaa, hakuteleza. Aliweka mguu chini, basi. Wewe bado tunakuhitaji wima.

Mtoto anajizoesha kutembea na viatu virefu kwenye korido. Anaanguka kila mara na kusema, "Siku yenyewe mama mkubwa atanizuia."

Mdogo wako,
Kinu


18 Machi

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Niseme tu. Sitaweza kuja harusini.

Ile hoteli kubwa ya karibu na stesheni imefungua vyumba vipya, na shuka zote, mataulo yote, wameniletea mimi. Nikifunga duka wiki moja watampa dobi mwingine, na kazi ya namna hii haiji mara mbili. Mshike mtoto mkono wewe. Ukilia, lia. Hakuna harusi iliyovunjika kwa machozi ya mama.

Jambo lingine. Nina mteja mmoja daktari, huwa namfulia makoti. Ameniambia kuna mashine inayopima mifupa, kama ndani bado imejaa au imeshakuwa na matundu. Unalala tu, mkono wa chuma unapita juu yako, hauumi. Anasema mwanamke ambaye hedhi imekoma, na mama yake alivunjika nyonga, asingoje mpaka aumie. Mama yetu alivunjika nyonga. Wewe hedhi imekoma. Nenda ukapime, Kinu. Kwenu kama hakuna hiyo mashine, safiri.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Dada yako,
Mlingoti


27 Machi

Dada,

Shikamoo.

Kwa hiyo ni shuka. Shuka za wageni wanaolala usiku mmoja na kuondoka bila kukujua jina. Barua yako nilimsomea mtoto. Alivua vile viatu virefu akavirudisha kwenye boksi, akasema atavaa vya chini.

Na juu ya hayo unaniandikia habari za mifupa, kana kwamba mgonjwa ni mimi! Mimi mnene, nakula, nashona kutwa, sijawahi kuvunjika hata ukucha. Hayo mahubiri mpelekee daktari wako umrudishie pamoja na makoti yake.

Gauni limekwisha. Linaning'inia ukutani na kila anayeingia anauliza la nani. Wakishaoana watapita huko kwako, atakuletea mwenyewe. Utalivaa ukipiga pasi.

Kinu


24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tumefika salama jana jioni. Mama mkubwa ameniomba nimwahidi kwamba sitakupigia simu, nami nimeahidi. Habari ya kuandika hakuitaja.

Mama, aliyetufungulia mlango sikumjua. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, mwenye duka yupo?" Akacheka, na kicheko ndicho nilichokitambua. Amefika begani kwangu. Mgongo umepinda, shingo imetangulia mbele, tumbo limesukumwa nje kwa sababu mbavu zimeshukia kwenye nyonga. Uso umekuwa wa duara kama wa mtu aliyenenepa, lakini mikono ni vijiti, na ngozi yake ukiishika kwa nguvu kidogo inabaki na doa la damu.

Nikampa gauni. Akasisitiza alijaribu. Mbele lilifagia sakafu, nyuma likapanda juu ya kifundo cha mguu. Nilitaka kulia, yeye akajigeuza mbele ya kioo cha dukani akasema, "Mama yako ni fundi hasa. Amemshonea mtu mwingine, hilo tu."

Hakuna shuka za hoteli, Mama. Hakuna hoteli. Duka limefungwa tangu Februari. Pasi zimefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kuna vumbi. Fundi viatu ndiye anayemletea maji.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukutuambia?" Akasema, "Ulitaka mtu wa kusimama. Ningekuja na nini?"

Usiku hakulala kitandani. Amekaa kwenye kiti ameegemea mito, anapumua kama mtu anayekata mbao kwa msumeno. Kila pingili ya uti wa mgongo inayosagika inakibana kifua.

Usimgombeze. Mwandikie.

Mwanao


30 Aprili

Dada yangu,

Ningekuwa na adabu ningeanza kwa shikamoo na kumaliza kwa samahani. Chukua zote mbili hapahapa.

Mtoto ameniambia. Usimlaumu, ana akili za baba yake. Sasa nakuomba kitu kimoja: niandikie kila kitu, kama kilivyo leo. Usinitumie tena wewe wa miaka saba iliyopita. Mimi ni fundi, nimewapima watu wenye vibiongo, wenye bega moja, wenye mguu mfupi, na wote wametoka kwangu wamevaa. Ulidhani wewe ndiye ningeshindwa kukushonea?

Nina sare za shule za kumalizia mwezi huu na wazazi wameshalipia. Nikishona ya mwisho nakuja. Gauni usilitupe. Nitalifumua.

Mdogo wako,
Kinu


12 Mei

Kinu wangu,

Marahaba, na samahani nimeipokea. Nawe pokea yangu.

Kila kitu, umesema. Basi kaa.

Lile beseni la shuka lilivunja pingili mbili. Nilikaa wiki tatu nikijidanganya na dawa ya kuchua. Ndipo nikaenda hospitali. Yule daktari niliyekuandikia ni wa kweli, ila sijawahi kumfulia koti. Alinipiga maswali. Mama alivunjika? Alivunjika. Hedhi ilikoma lini? Nikiwa na miaka thelathini na tisa. Navuta sigara? Sivuti, ila miaka mingapi nimevuta mvuke wa sabuni na dawa za madoa, nikipiga pasi bila kuliona jua. Kisha akauliza, "Pumu unaitibu na nini?"

Nikamtolea kwenye pochi vile vidonge vyeupe vidogo. Unavijua. Miaka kumi na mmoja sasa nanunua duka la dawa la kona, bila cheti, kwa sababu ukimeza leo kesho unapumua kama msichana. Yule kijana wa duka hunifungia kabla sijafungua mdomo. Daktari akaviweka mezani. Akasema, "Mama, hivi ndivyo vilivyokupa pumzi. Na hivi ndivyo vilivyokula mifupa yako."

Nikapelekwa kwenye mashine. Mtaalamu alinivua gauni kwa sababu ya chuma cha zipu, akanilaza chali, akaniinulia miguu juu ya boksi. Kulala chali kwangu ni kuzama, lakini nilivumilia. Mkono wa mashine ulipita taratibu kutoka tumboni mpaka mapajani. Hauumi kweli, hilo sikukudanganya. Kisha ikatoka namba: hasi tatu nukta nane. Nikauliza ni nzuri? Akasema sifuri ndiyo mfupa wa kijana mwenye afya, na ukishuka chini ya hasi mbili na nusu ndiyo ugonjwa. Nikahesabu mwenyewe nilipofika.

Wamenipa dawa ya kuimarisha mifupa. Unaimeza asubuhi kwa glasi nzima ya maji, halafu ukae wima nusu saa bila kulala wala kuinama, la sivyo inachoma koo. Wima, Kinu! Nimejaribu mara mbili. Nimetapika damu kidogo, wameniambia niache.

Ipo dawa ya sindano. Hapa imekwisha na hawajui italetwa lini.

Nimebaki na vile vidonge vyeupe. Nikiendelea, navunjika. Nikiacha, nakosa hewa. Daktari anasema tupunguze polepole, kwa miezi mingi, tena mbele ya macho yake. Miezi mingi, pingili zilizobaki ni chache. Kwa hiyo nimeanza kupunguza kwa hesabu yangu mwenyewe. Leo nimemeza nusu. Wiki ijayo nataka nisimeze kabisa, nione. Usimwambie mtu.

Na wewe hujaniambia kama umekwenda kupima. Nakuomba. Sikuombi kitu kingine.

Dada yako,
Mlingoti


16 Juni

Mwanangu,

Nakuandikia kutoka wodini, karatasi nimeiweka kwenye paja. Najua umenisubiri.

Nilipopata barua ya mama yako mkubwa kwamba anaacha vidonge, nilimwandikia siku ileile: usiviguse, vinaua ukiviacha ghafla. Nilimwuliza yule nesi wa zahanati yetu, ndivyo alivyosema. Nikapiga simu, ikaita weee mpaka ikakata. Barua yangu nimeikuta chini ya mlango wa duka. Haijafunguliwa.

Fundi viatu ndiye aliyemwona, na ndiye aliyenipigia nije. Anasema alisikia kiti kikiburuzwa, kisha kimya. Alimkuta sakafuni, midomo ya bluu, mguu umegeukia nje. Hakuna aliyejua kilichotangulia, kuishiwa pumzi au kuvunjika. Daktari anasema mwili uliozoea vile vidonge ukinyimwa ghafla huishiwa nguvu zote kwa pamoja. Nyonga imevunjika. Upande uleule wa mama yetu.

Nyonga hupasuliwa, wanafunga chuma, mtu anatembea. Nilishangilia niliposikia. Ndipo akaja daktari wa usingizi, mama mmoja mtaratibu, akavuta kiti akakaa, nami nikajua. Daktari akikaa, habari ni mbaya.

"Nikimlaza kwa dawa, kifua hakitamwamsha," akasema.

"Si kuna sindano ya mgongoni?" nikauliza. "Inatia ganzi miguu tu."

"Ipo. Lakini huo mgongo, mama, hauna mahali pa kupitisha sindano. Na lazima alale chali kwa saa mbili. Hawezi hata dakika tano."

"Kwa hiyo?"

Akanishika mkono. Hakuna kwa hiyo.

Mguu wameufunga kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Anarudishiwa dawa ya vidonge vyake, sasa kwa mshipa. Anapumua nafuu na anajua kwa nini anapumua. Jana aliniambia, "Kinu, nilitaka kuokoa nyumba nikazima moto kwa mafuta."

Mimi na nesi tunambadilisha shuka. Nilijikaza kumwinua, nikidhani nainua mtu mzima. Mwanangu, ni kama kuinua nguo zake.

Kila siku swali ni moja: "Umepima?" Mashine iko jengo la pili, ng'ambo ya bustani. Nimemwambia nitakwenda. Naogopa.

Usije bado. Nitakuita.

Mama yako


4 Julai

Mwanangu,

Hii utaipata ukiwa umeshazika pamoja nami na umerudi kwako. Kwa simu niliweza kukuambia kwamba mama yako mkubwa amefariki, na msibani kulikuwa na watu. Yaliyobaki nayaandika, maana nawe unapaswa kuyajua.

Kifua kilijaa maji ya homa ya mapafu, kama wanavyojaa wote wanaolala muda mrefu. Nesi alisema hivyo bila ubaya. Amewaona wengi.

Jumatatu, kabla hajaanza kupotewa na maneno, nilikwenda kwenye lile jengo. Nilikwenda ili nikirudi niwe na la kumjibu. Nilivua sketi yenye zipu, nikalala, wakaniinua miguu juu ya boksi kama alivyoniandikia. Mkono ukapita. Mtaalamu alikuwa binti wa rika lako, ana bisibisi mfukoni, maana anasema mashine yenyewe inasumbua. Akaniuliza maswali yaleyale. Mama alivunjika nyonga? Ndiyo. Na dada? Nikanyoosha kidole kuelekea wodini. Kazi yangu? Kukaa kwenye cherehani toka asubuhi mpaka taa ziwashwe. Jua? Nalionea dirishani.

Hasi mbili nukta tisa.

Nikamwambia, "Mwanangu, angalia tena, mimi mnene." Akasema unene unaweza kuukinga mfupa kiasi, lakini hauwezi kuujaza. Ukimwona Kinu kwa nje ni gogo. Mchwa wako ndani.

Wamenipa vile vidonge vya kukaa wima. Vya mwezi mmoja. Huku kwetu nimezunguka maduka yote ya dawa, hawavijui hata kwa jina, na ile mashine safari hii imekufa kabisa, fundi wake anatoka nje ya nchi. Nitavimeza hivi nilivyonavyo, kisha vitakwisha.

Daktari amenikataza kuinua kitu kizito. Nimemwinua dada yangu wiki tatu.

Nawe una miaka ishirini na sita, umetoka kwangu mimi, nami nimetoka kwa bibi yako. Wanasema mifupa hujaa mpaka kwenye thelathini, baada ya hapo ni kutumia tu. Sina la kukuambia zaidi ya wanayosema wote: tembea, kula vizuri, kaa juani, usimeze dawa ya duka la kona bila kuuliza. Ningekuwa na uhakika kwamba hayo yanatosha ningeyaandika kwa herufi kubwa. Sina.

Niliporudi wodini alikuwa macho. Walikuwa wamemvika barakoa ya hewa, akaisogeza kwa kidole.

"Umetoka wapi?"

"Kupima."

"Wamesemaje?"

Mwanangu, alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika matokeo ya mtihani wako. Kila kitu kilikuwa kimemwishia, duka, mgongo, mguu, hewa, na alikuwa amebakiza hicho kimoja.

"Wamesema mifupa ya fahali," nikamwambia. "Wameita na wenzao waje kuiangalia."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. Akalala akinishika kidole gumba. Baadaye nikidhani amesinzia akasema, amefumba macho:

"Basi mmoja wetu amesalimika."

"Amesalimika, dada," nikasema.

Hakusema tena neno lingine la kueleweka. Alfajiri ya Jumatano mkono wake ulikuwa bado kwenye kidole changu, nikaogopa kukivuta kwa nguvu nisije nikamvunja.

Mama yako